Humu Hakuna Kuvuta

Jumatatu, 4 Agosti. Kasulu.

Mama mkwe wangu anataka kupanda meli.

Kalisema leo baada ya chai, mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Bi Zuhra ni mjane, mzaliwa wa Ujiji. Aliletwa Kasulu akiwa bi harusi mbichi na tangu hapo hajalala tena karibu na maji. Anataka safari ya matembezi ziwani. Meli itoke Kigoma, ishuke kusini taratibu, irudi. Hata usiku mmoja juu ya maji unamtosha. Sharti lake ni moja tu: pasiwe na moshi wa sigara.

Kifua chake sote tunakijua. Mtu akiwasha sigara kwenye kijiwe cha bodaboda, yeye aliye ndani ya duka langu anaanza kukohoa. Harusini haendi. Msibani hukaa upande upepo unakotokea. Sigara ikimpata sawasawa hubanwa, midomo inageuka rangi, na sisi tunabaki kushika vichwa. Mwaka juzi tulimkimbiza Kabanga hospitali, wakamtuliza. Njiani nilisoma dua zote ninazozijua, nikazirudia.

Shamsi akajibu kabla sijameza mate. Huyu ni mwanyumba wangu, kamwoa mdogo wake mke wangu. Ana duka la dawa Kibondo na majibu ya kila kitu. Kasema iko meli inaitwa Kuhe, safi, tulivu, wateja wake wameipanda. Wote wakamgeukia. Nikaona nisiposema neno sasa, nitazikwa katika ukoo huu nikiwa mkwe wa pili.

Nikasema mambo ya vyombo vya majini aachiwe mtu mwenye damu ya pwani. Babu wa babu yangu alitoka Bagamoyo. Mimi nimezaliwa Tabora, ni kweli, na bahari nimeiona kwenye kalenda. Lakini damu haisahau. Nikaongeza kwamba Kiswahili changu hakina doa. Tangu nihamie Kasulu sijajifunza neno hata moja la Kiha, kwa makusudi, nisije nikakiharibu. Watu wa meli watanielewa barabara.

Mama mkwe akanitazama kitambo. Akasema basi, Tamimu, nimekuachia wewe.

Ushindi! Mke wangu Mwanaamina akainamia kikombe chake. Sijui aliona nini humo.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimepiga simu ofisi ya Kuhe kwa nia ya kutafuta kasoro.

Kapokea msichana mpole. Kanieleza kwamba vyumbani sigara marufuku, mezani marufuku, sitaha ya mbele marufuku. Anayetaka kuvuta ana kona yake nyuma kabisa, nje, ambako upepo unauchukua moshi na kwenda nao. Atakayekutwa anavuta mahali pengine anateremshwa kituo kinachofuata. Chumba cha mama watakiweka mbali na kona hiyo. Kauliza hata kama marashi humsumbua, ili wawaambie wahudumu wao wasijipulizie.

Nimeweka simu chini nimenyong'onyea. Meli nzuri. Meli ya Shamsi.

Baadaye, nikikunja vitenge, akili imenijia. Mtu hapigi marufuku kitu kisichokuwapo. Mimi dukani sijabandika tangazo la kukataza mamba, kwa sababu mamba hawaji kununua khanga. Kuhe wana kona nzima ya sigara! Pafukapo moshi pana moto, na penye kona pana wavutaji. Meli salama ni ile ambayo wenyewe hawajawahi hata kulifikiria jambo hili.

Na ipo. Inaitwa Mgebuka. Tangazo lake lina habari za chakula, muziki na vyoo. Juu ya sigara, kimya kitupu. Nimejiona nina akili mpaka nikajiogopa.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimeongea na Mgebuka. Kapokea karani wao, Bazilio, huku nyuma yake watu wakigonga mabati. Nimemuuliza kwa Kiswahili sanifu: je, humo chomboni mwenu kuna kuvuta?

Kajibu kwa fahari kubwa. "Humu hakuna kuvuta, mzee wangu. Zamani ndiyo. Tangu tufunge injini mpya, hakuna kuvuta tena."

Sikuelewa injini inahusiana vipi na sigara. Labda injini mpya zinataka hewa safi. Watu wa majini wana mambo yao. Nikauliza, hata wakati wa dharura? Akacheka sana, akasema labda injini zife zote mbili. Nikampongeza kwa nidhamu ya meli yake. Naona hakuzoea kupongezwa, maana aliniuliza tena ninaitwa nani.

Nimeweka nafasi zetu: mama, Mwanaamina na mimi. Kisha nikampigia Shamsi Kibondo kumjulisha, kwa upole wa mtu aliyeshinda. Kaniuliza kama nimeongea na yeyote aliyewahi kuipanda. Nimemwambia bila shaka.

Sijaongea na yeyote. Nimeona haya kwa muda wa kunywa maji.

Alhamisi, 7 Agosti.

Ili uongo wa jana uwe kweli, nimeenda Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi. Huwa nawapelekea vitenge akina mama wa Kikongo wanaofanya biashara huko, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona. Nilimtafuta Pacifique. Ni Mkongo, mkalimani wa shirika moja la misaada, na mwaka jana alipanda Mgebuka akifuatana na wageni wa shirika lake. Mtu mtaratibu, anaimba kwaya.

Nimemuuliza habari za meli ile. Uso wake ukakunjamana. "Papa Tamimu, mule batu banakunywaka mingi sana. Asubui banakunywa, magaribi banakunywa. Ata mu chumba ya kulala banakunywa. Mama wa kifua asiende mule."

Kumbe walevi! Nikashusha pumzi. Nimemwambia asihofu, kifua cha mama hakijali habari za kunywa, shida yake ni kuvuta. Pacifique akaniangalia kama ninayezungumza usingizini. Akarudia kwamba banakunywa. Mwishowe akaweka vidole viwili mdomoni, akavitoa, akaviweka tena.

Nikaelewa. Maskini anaomba sigara, anaona aibu kutamka. Nimemnunulia moja pale pale gengeni. Akaishika kwa ncha za vidole, akasema yeye hanywi. Nikamwambia najua, mtu wa kwaya, ndiyo maana nimekupa sigara na si bia. Nimemwacha amesimama nayo mkononi.

Njiani kurudi nimepata tabu ya moyo. Bi Zuhra na tasbihi yake, kati ya walevi. Nimwambie? Nikimwambia ataghairi. Akighairi, Shamsi atataja Kuhe. Kifua chake hakidhuriki kwa bia. Macho yake ndiyo yatakayodhurika, na macho hufumbwa.

Najua si sawa. Naandika hapa ili angalau karatasi ijue.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Baada ya Ijumaa tumekula pilau kwa mama. Nimesimama nikatangaza: Mgebuka, na humo hakuna kuvuta, kwa kauli ya karani mwenyewe. Mama mkwe akainua mikono, akaniombea dua ndefu, kwa jina langu na jina la baba yangu. Nikaitikia amina huku natazama mkeka.

Nilipopeleka sahani jikoni, Mwanaamina akafunga mlango nyuma yangu. Mke wangu kalelewa hapa hapa Kasulu, maneno yake mengi ni ya kwao, na huwa namsahihisha.

"Baba Badru," kaniuliza taratibu, "huko kwenye meli hawanywi?"

Nani kamwambia habari za bia? Pacifique! Wakalimani wana midomo.

"Hawanywi," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kaniamini. Akachukua sahani akaanza kuosha, akiimba kidogo. Hilo ndilo linaloniuma. Angeninunia ningetulia. Mke kukuamini kitu ambacho wewe mwenyewe unajua si kweli ni adhabu, na sina wa kumlaumu.

Jumapili, 10 Agosti.

Tusi limekuja na basi la Kibondo. Shamsi kamtumia mama mkwe furushi la barakoa nene, za kitaalamu, na kanipigia simu kuniagiza nihakikishe anazibeba. Ati akisikia harufu yoyote avae haraka. Ati tahadhari haina hasara.

Maana yake nini? Maana yake meli niliyoichagua ni mbovu! Mama akifika bandarini na barakoa, bandari nzima itajua Tamimu hakuaminiwa. Nimelisukuma furushi chini ya majora ya khanga, mwisho kabisa, kwenye zile zisizonunuliwa.

Alasiri mama mwenyewe akaja dukani, akaketi kwenye kiti changu. Akanisimulia Ujiji ya utotoni, baba yake akirudi na kapu la dagaa, yeye akilala kwenye mchanga na kusikia maji mpaka usingizi umchukue. Kasema hapa Kasulu amelala vizuri, hana malalamiko, lakini kifua kimemfungia milango mingi. Kisha kasema neno ambalo sitalisahau. "Mwanangu, mimi sitaki makubwa. Nataka nilale juu ya maji, halafu niamke nivute pumzi yangu yote, mpaka chini."

Nikainama kutoa lile furushi. Wallahi niliinama. Mteja akaingia kutaka khanga ya msiba, nikamhudumia, na nilipomaliza ushujaa ulikwisha.

Nimejinunulia kofia nyeupe kama ya nahodha. Inanikaa.

Jumatano, 13 Agosti. Ujiji.

Tumefika salama. Tumefikia kwa binamu wa mama. Mama hakungoja hata chai. Kateremka ufukweni, kavua viatu, kasimama majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwanaamina alimshika mkono. Mimi nilisimama nyuma na kofia yangu, na kwa kitambo nilifurahi bila kumfikiria Shamsi.

Bandarini Kigoma meli zote mbili zipo. Kuhe ni nyeupe, fupi, ina maua kwenye kopo. Mgebuka ni ndefu, na ukutani, chini ya madirisha ya vyumba, kuna michirizi ya rangi ya chai. Mwanaamina kauliza kwa nini hatupandi ile nyeupe. Nimemwambia ile ina kona.

Akauliza kona gani. Nikasema ni mambo ya pwani, hawezi kuyaelewa.

Alhamisi, 14 Agosti. Ufukweni, kijiji ambacho sijakijua jina.

Sina haki ya kuandika. Naandika kwa sababu hakuna anayezungumza nami.

Tulipanda mchana. Kwenye ngazi tu harufu ilinipiga. Nikajiambia ni rangi mpya. Sitaha ilikuwa imejaa watu wenye furaha, na kila mwenye mdomo alikuwa na sigara ndani yake. Kwenye viti, kwenye reli, mlangoni mwa msala. Wapishi wanavuta juu ya sufuria! Mama akajifunika mtandio, akaingia chumbani. Chumbani godoro lenyewe lilikuwa limevuta miaka kumi.

Nikamtafuta Bazilio. Alikuwa na sigara nyuma ya sikio na nyingine mdomoni. Nikamkumbusha kauli yake. Akashangaa kwa dhati. Kasema hakuna kuvuta, ni kweli kabisa: zamani injini yao ikizima walikuwa wanavutwa na boti nyingine kwa kamba mpaka bandarini, aibu tupu, lakini sasa wana injini mbili na hawajavutwa hata mara moja.

"Mimi niliuliza sigara," nikasema.

"Sasa mzee, ungesema kunywa. Sigara si inanywewa? Huku kwetu itabi tunakunywa. Kuvuta tunavuta kamba."

Mwanaamina alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija. Nikageuka, nikaona usoni mwake kwamba anakumbuka jikoni, na sahani, na lile neno langu, hata mmoja. Akarudi kwa mama.

Meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Nikabuni mpango. Nitanunua sigara zote! Wasipokuwa nazo hawatazinywa. Nikapita sitahani nikinunua pakiti kwa pakiti, nikijaza mifuko ya koti, na watu wakaniuzia kwa moyo mkunjufu. Lakini habari zikaenea kuna mzee wa kofia nyeupe ananunua sigara kwa bei yoyote. Mwenye duka la melini akafungua maboksi mapya. Waliokuwa hawavuti wakaenda kununua ili waniuzie, na wakati wananingoja, wakazionja. Moshi ukaongezeka maradufu. Kijana mmoja alikohoa, akaniambia ni mara yake ya kwanza, akashukuru.

Nikakimbia kuloanisha khanga nizibe nayo chini ya mlango wa chumba. Nilipoufungua mlango mama alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Sauti ya pumzi yake ilikuwa nyembamba, kama mlango unaofunguliwa kidogo kidogo. Mwanaamina alikuwa ameshika kile kidude chake cha pumu, anampulizia mdomoni. Akaniambia niondoke. Si kwa hasira. Akasema mifuko yako, Baba Badru, mifuko yako inanuka.

Nahodha, Mungu ambariki, alisimamisha meli kwenye kijiji cha kwanza, jua likiwa bado liko juu. Tukateremshwa kwa mtumbwi. Kofia ikaanguka majini na sikuitazama mara mbili.

Mama alilazwa kwenye mkeka wa wavuvi, kwenye upepo. Pumzi ikarudi polepole. Mganga wa zahanati ya kijiji alikuja, akamsikiliza kifua, akasema tumewahi. Akarudia: mmewahi. Nikakaa mchangani.

Mama alipofumbua macho nilimsogelea nimwombe radhi. Akanyoosha mkono kunizuia. "Tamimu, mwanangu, kaa upande ule, upepo usinipitie kwako." Kwa upole. Angenitukana ningevumilia.

Jioni Mwanaamina akaja nilipokaa. "Nilikuuliza kama wanakunywa. Ukaniambia hata mmoja."

"Nilidhani unauliza bia," nikasema.

Nilitumaini atacheka. Wapo wanaocheka mambo kama hayo.

"Kwa hiyo bia ulijua," akasema.

Kisha akaenda pembeni kumpigia simu Shamsi. Nilimsikia akijibu hapana, hakuvaa. Barakoa? Barakoa zipi? Akageuka kunitazama huku simu iko sikioni. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipikia.

Ijumaa, 15 Agosti. Hapo hapo.

Shamsi kapiga simu kwa watu wa Kuhe. Kazi hiyo tu. Inapita hapa leo alasiri, ina chumba cha watu wawili, mbele, mbali na kona.

Mama alitaka kukataa. Kasema labda Mungu hakuandika. Mwanaamina akamwambia mama, maji yale yale, meli nyingine, na mimi nitalala mlangoni. Nilitaka kusema jambo la kutia moyo lakini sauti yangu wiki hii imeshatumika vya kutosha.

Kuhe ikaja. Yule msichana mpole wa kwenye simu aliteremka mwenyewe kumpokea mama, mikono yake haina marashi, haina kitu. Nilibeba mizigo mpaka ukingoni mwa maji. Msichana akanusa, akaniuliza kwa adabu kama mimi ni mvutaji. Nikasema hapana. Akayatazama mapakiti yaliyochungulia kwenye koti langu, akasema sawa, baba. Hata angekuwa na nafasi ya tatu nisingeiomba.

Mama alipanda ngazi akishikwa huku na huku. Juu akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipungia. Baada ya yote hayo, kanipungia. Nilimwombea mema kwa sauti, wavuvi wakanisikia, na sikujali. Meli ikaondoka nami nikabaki na mabegi mawili na nguo zinazonuka. Nimejionea haya mbele ya watu wengi maishani, lakini leo nimejionea haya nikiwa peke yangu, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna wa kumdanganya.

Sigara nimezifukia mchangani, mbali na nyumba za watu. Naomba Mungu mbwa wasizifukue.

Jumamosi, 16 Agosti.

Asubuhi nimepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Mwanaamina akapiga. Hakunisalimu. Kasema mama kalala usiku kucha na sasa ameketi sitahani amefunikwa blanketi. Kisha akasema subiri.

Sikusikia neno. Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia pumzi. Iliingia ndefu, bila mluzi, bila kukwama, ikashuka, ikaendelea kushuka, nikasubiri nayo. Kisha ikatoka. Mwanaamina alikuwa ameweka simu karibu na mdomo wa mama yake ili nisikie.

Nikalia juu ya jiwe mbele ya wanawake wanaoanika dagaa. Mmoja akaniuliza kwa Kiha nimefiwa na nani. Nadhani aliuliza hivyo. Nikatikisa kichwa.

Nimeapa. Sitampangia tena mtu safari. Sitasema nimeuliza kama sijauliza. Nitajifunza Kiha, nianze na Mwanaamina kama atakubali kunifundisha.

Jumatano, 20 Agosti. Kasulu.

Mama amerudi na rangi nzuri, anacheka, anasimulia Kuhe kwa kila anayepita. Leo ukoo umekutana kumshukuru Shamsi. Kapewa kitoweo cha kwanza. Mwanaamina bado analala chumbani kwa mama yake, lakini jana kaniachia chai ya moto, na tangawizi ndani.

Nimetafakari jambo hili kwa utulivu. Aibu ni nzuri lakini haki nayo ina nafasi yake. Nani alimpeleka mama ziwani? Nani alichagua meli iliyomteremsha pale hasa Kuhe inapopita? Kama tungepanda Kuhe tangu mwanzo, mama asingejua raha ya kuipanda. Shamsi kapiga simu moja tu. Sisemi mbele za watu. Nasema hapa.

Kabla ya watu kuondoka mama kataja, kwa sauti ile ile ya chumvi, kwamba sasa angependa kumwona mdogo wake aliyeko Tanga, kwa ndege, Mungu akipenda, ili mradi kifua kisipate taabu. Shamsi akafungua mdomo. Nikasema niachieni mimi.

Hakuna aliyejibu. Kunyamaza ni kukubali.

Nimewapigia watu wa ndege jioni hii hii. Safari hii sikutumia neno la kuvuta, wala la kunywa, yote mawili ni mabaya. Nimeuliza tu, kwa Kiswahili kilichonyooka, humo ndani hakuna, sivyo? Yule bwana kasema hakuna kabisa, mzee, tangu mwezi wa sita. Nimeshukuru nikaweka nafasi.

Hakuna nini, sikumuuliza. Kuuliza uliza ni tabia ya Shamsi.